Mafuta ya Nywele za Islande

Meya Polidò alipotuma mtu kumwarifu Altagras, mama fundi wa vioo, kwamba ukuta wa bombani utapakwa chokaa kabla ya karnivali, Altagras alimsikiliza yule mjumbe mpaka mwisho, akamkaribisha kahawa, akangoja aimalize, kisha akamwambia arudi kwa bwana wake na neno moja tu: kama anapenda ukuta mweupe, anao nyumbani kwake, akautazame huo.

Mjumbe akacheka, akadhani anataniwa. Majirani waliokuwa wakichota maji hawakucheka, maana wao wanamjua. Altagras si mtu wa kupayuka. Akikufokea, hujamuudhi bado. Akianza kukuongelesha polepole na kukujazia kahawa, hapo ujue umeshakanyaga pabaya, tafuta njia yako.

Ukuta wenyewe uko kwenye kona ya mtaa wa Lasous, pale barabara kuu ya Jacmel inapoinama kuelekea baharini, na umelizunguka bomba la maji la mtaa kwa pande tatu. Upande unaotazama barabara ni vioo vitupu, toka chini mpaka mkono wa mtu mrefu unapofika. Kuna vioo vya madirisha yaliyoanguka mwaka wa tetemeko la ardhi, chupa za ramu zilizotupwa nyuma ya mabaa, bilauri za mishumaa kutoka makaburini, mitungi ya jamu, na kioo cha mbele cha lori moja lililokufa na kusahaulika njiani. Altagras aliviokota kwa gunia, akaviosha, akavikata, akavichora na kuvipachika kimoja kimoja kwenye saruji mbichi, na watu wakamwita kichaa wee mpaka wakachoka. Siku hizi wanawaleta wageni wao waje kuona. Ukutani wanawake wanashuka sokoni na mabeseni kichwani, kuku wanawakimbia miguuni, jua limewaka juu yao. Na katikati, mkubwa kuliko wote, yuko msichana mmoja anacheka, nywele zimesukwa na kufungwa utepe wa manjano.

Huyo ni Islande, mwanawe. Tetemeko lilimkuta ndani ya nyumba, na nyumba ikamlalia. Wakati huo hapakuwa na nafasi ya jeneza wala ya wimbo. Waliopatikana walibebwa na lori na kuzikwa pamoja, na Altagras hakuruhusiwa hata kumfunika uso. Picha zake zote zilibaki chini ya kifusi, mvua ikazimaliza. Kitu pekee kilichotoka kizima mle ndani ni kioo kimoja cha dirisha. Kwa nini kioo kipone na mtoto afe, hilo Altagras alimuuliza Mungu mara nyingi na kwa maneno mabaya, na mpaka leo anasubiri jibu. Basi akakichukua kile kioo akamchora mtoto wake.

Sasa, kioo hakichorwi kama ubao. Kinachorwa kwa nyuma, na rangi ndiyo inayokwenda kulala kwenye saruji. Wewe unaitazama kwa kupitia kioo. Kwa hiyo kila kitu ni kinyume. Unaanza na mboni ya jicho, ndipo weupe wa jicho, ndipo kope, ngozi unaipaka mwishoni, na ukikosea hakuna kufuta. Na kulia inakuwa kushoto. Altagras anayajua hayo kama anavyolijua jina lake, lakini siku ile aliyasahau, akakiweka kidoti cha Islande kwenye shavu lilelile alilokuwa analikumbuka. Kioo kilipogeuzwa, kidoti kikawa upande wa pili. Loudie, mama wa ubatizo wa Islande, ndiye aliyeliona kosa, akalisema kwa kunong'ona. Altagras akamkata jicho na kumwambia mtoto atakaa hivyohivyo.

Ukweli ambao hakumwambia hata Loudie ni kwamba hakuweza kumchora tena. Kumbukumbu ilikuwa imemwagika yote kwenye kioo kile. Akifumba macho kumtafuta mwanawe, anamwona wa ukutani, na kidoti upande usio wake. Ukuta ukienda, Islande anakwenda mara ya pili, na safari hii hata mama yake hatabaki na sura ya kumlilia. Hilo ndilo Meya Polidò alilotaka kulipaka chokaa, ingawa yeye mwenyewe hakulijua.

Meya alikuwa na hesabu zake. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Port-au-Prince kutazama karnivali, na jukwaa lao lingejengwa ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na ukuta wa bombani. Alitaka wauone mji msafi. Na Jumatatu, karnivali ikiisha, mchoraji wa mabango angekuja kuchora juu ya weupe ule sura ya Meya mwenyewe, kwa rangi ya mafuta, ikimtabasamia kila mama anayechota maji. Rangi ya mafuta ikishakauka, hakuna wa kuitoa.

Alipoona ujumbe umerudi na jibu la kumtukana, alikuja mwenyewe, kofia mkononi, viatu vinang'aa kuliko kioo chochote pale. Alimsifu Altagras kwa maneno matamu, akasema mji unajivunia mafundi kama yeye, akasema hana ugomvi na sanaa. Kisha akatoa lililokuwa moyoni: kwa nini wasipatane? Vioo vya zamani vitoke, na Altagras aitengeneze kwa mkono wake sura ya Meya, ya vioo vilevile, palepale katikati.

Altagras akamtazama juu mpaka chini kama mtu anayepimiwa suruali. "Mheshimiwa, nimebakiwa na vioo vya chupa za bia tu," akasema. "Utatoka umelewa."

Wanawake wa bombani waliangua kicheko, na Meya akavaa kofia yake. Hapo ndipo Loudie alipoteleza. Kwa nia njema kabisa alimshika Altagras mkono, akaanza kumsihi amweleze Meya kwamba yule ni marehemu mwanawe, kwamba hana picha nyingine, Meya naye ni mzazi, ataelewa.

"Komè, funga mdomo wako," Altagras akamkata. Komè ndivyo anavyomwita Loudie tangu ubatizo wa mtoto. "Mwanangu si ombi. Simpeleki mlangoni kwa mtu kunyoosha mkono."

Meya hakusikia, au alijitia hamnazo. Alisema chokaa itapakwa Jumamosi, akaondoka zake.

Loudie alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi na sahani ya ndizi za kukaanga na achari kali ya kabichi, akaiweka mezani bila kusema neno, na Altagras akala bila kusema neno, na hivyo ndivyo wanavyoombana radhi hawa wawili. Walipomaliza Loudie aliuliza, basi tutafanya nini? Altagras akasema hajui. Alilia kidogo akisema hivyo, akajifuta haraka kwa kanga ya kichwani kama aliyefumaniwa anaiba.

Jumamosi asubuhi Fritznel alifika na ngazi, pipa la chokaa na vijana wawili. Huyu Fritznel ni mpaka rangi, mtoto wa Lasous. Aliwahi kumpenda Islande na kila mtu alijua isipokuwa Islande. Meya alimchagua yeye makusudi, ili mtaa ujipake wenyewe. Fritznel hakuthubutu kumsalimia Altagras vizuri. Alianzia mbali kabisa, pembeni kwenye kuku, na alipaka polepole mno.

Altagras alitoka nyumbani na kiti, chanuo na chupa ya mafuta ya nyonyo, yale meusi mazito tunayopaka nywele. Akasimama mbele ya mwanawe. Kila mwaka, Jumamosi ya kuamkia karnivali, mama wa Lasous anamkalisha binti yake kati ya magoti, anamchana, anamtia mafuta, anamsuka. Hakuna binti anayekwenda karnivali kichwa kikavu. Ni aibu ya mama. Tangu tetemeko Altagras hakuwa na wa kumkalisha. Siku hiyo alipanda juu ya kiti, akamimina mafuta kiganjani, akaanza kuzipaka zile nywele za kioo. Hakuwa na hila yoyote. Alitaka tu, kama wanamfunika, wamfunike akiwa amependeza. Alipaka nywele, akapaka paji la uso, mashavu, na kile kidoti.

Vijana wa Fritznel waliacha kazi. Mmoja akavua kofia.

Ndipo Fritznel alipogeuka juu ya ngazi kumtazama, brashi ikarusha matone ya chokaa, moja nene likatua kwenye shavu la Islande. Altagras alilifuta kwa kidole gumba. Halikuacha hata kivuli. Akatazama tone jingine lililoanguka pembeni, kwenye kioo kisicho na mafuta. Lilikuwa limeshaanza kushika, alilikwangua kwa ukucha na bado likaacha ukungu. Akarudi kutazama pale lile la kwanza lilipotua. Akakificha kidole gumba chake ndani ya aproni kana kwamba kitamsema.

Alishuka kitini taratibu, akaenda kwa Loudie na kumwambia sikioni alete mafuta aliyonayo nyumbani, na kila mwanamke wa mtaa alete ya kwake. Kisha akamgeukia Fritznel, akamwambia kwa sauti ya wote kwamba kabla hajafika mbali, mama wa Lasous wanataka kuwatia mafuta wanawake wote wa ukutani, maana nao ni mabinti za watu na karnivali ni kesho.

Walikuja na chupa, vikopo, hata kizibo kimoja kilichobaki na tone. Wakapaka kila kioo, beseni, jua, hata kuku ambao chokaa yao ilikuwa bado mbichi, wakiifuta na kupaka, wakiimba chinichini. Mjumbe wa Meya alifika kusimamia kazi akakuta ukuta mzima unameremeta na wanawake wanaimba. Akauliza kuna nini. Loudie akamjibu kwamba wafu wanatiwa mafuta, je, angependa kuyafuta yeye? Mjumbe akarudi nyuma hatua kadhaa. Hakuna mtu wa Jacmel, awe na cheo gani, atakayefuta kwa mkono wake mafuta ambayo mama amempaka maiti wake. Ukifanya hivyo hulali tena. Akasema kwa haraka kwamba hana neno, wamalize, kisha wapake chokaa juu, alichotumwa yeye ni weupe tu. Akaenda kusimama kivulini na kuutazama upande mwingine.

Fritznel akaanza upya. Mpako wa kwanza chokaa ilimteleza na kujikusanya vitonevitone. Akasimama. Akatazama brashi, akatazama kioo, akamtazama Altagras. Mpaka rangi hahitaji kuambiwa.

"Mama Islande," akasema polepole, "chokaa imekuwa kaidi leo."

"Hata yeye alikuwa mkaidi," Altagras akamjibu. "Izidishe uzito."

Akaizidisha ikawa kama uji wa mgonjwa. Akapaka na kurudia, akaacha ikauke juani, akarudia tena, mpaka wanawake wa sokoni wakapotea mmoja mmoja na mabeseni yao. Alipofika kwenye uso wa Islande mkono ukagoma. Alijaribu, akashindwa, akabaki amesimama pale na machozi yanamchuruzika mbele ya vijana wake. Altagras akapanda kitini, akamnyang'anya brashi.

"Nipishe. Mwanangu nitamfunika mwenyewe. Mara ile hawakuniacha."

Akamfunika. Jicho la kulia, la kushoto, mdomo unaocheka, kidoti mwisho kabisa. Akarudisha brashi, akabeba kiti chake, akaenda nyumbani, na huko ndani alilia mpaka sauti ikamkauka, kwa sababu kujua ni kitu kimoja na kuuona ukuta mweupe ni kitu kingine. Vipi kama chokaa itashika usiku? Vipi kama mafuta yamekula rangi? Vipi kama hakuna atakayepata nafasi ya kuosha, na Jumatatu yule mchoraji akafika na makopo yake? Loudie alimkalia pembeni mpaka alipotulia. Jioni Fritznel alipita, akasimama mlangoni, akasema maneno machache tu. Alitaka mama ajue kwamba mwaka huu naye anatoka na warusha kamba, wale wa karnivali wanaojipaka weusi.

Jumapili barabara ilijaa mpaka watu wakapanda mapaa. Walipita wenye vichwa vya karatasi vya simba na majoka, walipita wapiga mianzi, bendi, mashetani wenye mabawa. Meya Polidò aliketi jukwaani katikati ya wageni wake, suti nyeupe, nyuma ya bendi ukuta mweupe, na kila mgeni akimsifia usafi wa mji yeye anainamisha kichwa kama bibi harusi.

Halafu wakaja warusha kamba. Hawa huwa unawanusa kabla hujawaona, wamejipaka mkaa uliokorogwa na shira ya miwa toka utosini mpaka kisiginoni, pembe za ng'ombe kichwani, weusi wa kung'aa na kunata, huwezi kumjua hata ndugu yako. Watu wenye nguo safi wanakimbia, wao wanawafukuza na kuwakumbatia. Siku hiyo walipofika Lasous hawakumfukuza mtu. Kiongozi wao, mmoja mrefu, alisimama mbele ya ukuta mweupe, akaupigia goti, akainuka na kuukumbatia. Akaachia alama ya mwili mzima. Wa pili akafuata, akasugua mgongo. Wa tatu makalio. Wakajipanga mstari, kila mmoja na kiungo chake, na umati ukalipuka kwa vicheko mpaka bendi ikawa haisikiki.

Wageni nao walicheka, na mmoja alicheka mpaka akashika tumbo. Hilo ndilo lililomwuma Meya. Alinyanyuka, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Ukuta huo uoshwe," akasema, na mji mzima ukamsikia. "Sasa hivi."

Altagras alikuwa amekaa bombani toka asubuhi, ndoo kati ya miguu yake. Akasimama. Sauti ilitoka imenyooka.

"Tuuoshe wote, Mheshimiwa?"

"Wote," akasema Meya kwa kipaza sauti. "Mpaka utakate."

"Mmemsikia," Altagras akawaambia wanawake. Bomba likafunguliwa.

Ndoo ya kwanza aliimwaga yeye, pale katikati. Maji yalishuka meusi, yakafuata ya kijivu, na chokaa yote ikaachia kwa pamoja na kuporomoka vipande vipande mpaka mtaroni. Utepe wa manjano ukatokea. Kisha paji la uso. Huku na huku wanawake wa Lasous walikuwa wanamwaga na kusugua kwa matambara, na sokoni kukaanza kurudi watu, beseni hili, beseni lile, kuku, jua. Chokaa iliyokuwa imeingia kwenye mistari ya saruji kati ya kioo na kioo ilikuwa imeng'ang'ania, ikabaki, na sasa kila kigae kilikuwa kimezungushiwa mstari mweupe, rangi zimezidi kuwaka kuliko siku ulipojengwa. Watu waliokuwa wakicheka waliacha. Kule juu ya mapaa mtu alianza kupiga makofi, na makofi yakashuka mpaka barabarani, yakavuka mpaka jukwaani kwa wageni.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alishuka akavuka barabara na viatu vyake kwenye maji ya mkaa. Akauliza yule msichana ni nani.

Meya alimtazama Altagras. Wote walimtazama. Safari hii ameulizwa, hamwombi mtu chochote, na kwa hiyo sasa alisema.

"Anaitwa Islande. Ni mwanangu. Yuko kwao."

Meya Polidò alishuka kwa ngazi ya pembeni, akamkaribia, akatabasamu kwa ajili ya wanaotazama, na kwa meno yaliyofungwa akamwambia kwamba kesho ukuta utapakwa tena, na si kwa chokaa.

Nyuma yake mtu akauliza, "Na nani?"

Meya akageuka. Alikuwa yule mrusha kamba mrefu, pembe kichwani, anachuruzika shira. Meya hakumtambua, lakini sauti aliijua, maana ni ya mpaka rangi wake. Akaangalia wengine waliosimama naye mstarini, weusi wote, wote wakimtazama, akaona mikono yao. Mikono ya wapaka rangi, waashi na wabeba ngazi wa mji mzima. Fritznel hakungoja ajibu. Alifungua mikono yake miwili kwa upendo, akapiga hatua kuielekea ile suti nyeupe, na Meya Polidò akakimbia, kofia ikaanguka mtaroni na hakuna aliyeiokota.

Jumatatu mchoraji wa mabango alifika na makopo yake, akakuta wanawake wamekaa mbele ya ukuta, kila mmoja na binti yake kati ya magoti, wanafumua misuko ya karnivali. Aliwasalimia, akaombwa akae, akapewa kahawa. Altagras akamjazia kikombe tena, akamwongelesha polepole. Mchoraji alimaliza kahawa yake, akashukuru, akabeba makopo yake akaenda.

Altagras akachukua tambara, akapanda kitini. Kulikuwa na chokaa kidogo iliyobaki shavuni, pale kwenye kidoti. Akaifuta. Loudie akamwambia kwa mzaha kwamba angetumia nafasi hiyo kukihamishia upande wake wa kweli.

"Kiache," Altagras akasema. "Hapo ndipo kilipo."